William Playfair: Bingwa wa grafu aliyeshindwa kusawazisha hesabu zake

Na MWANDISHI WETU

USIONE vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya wahenga yafaa kukumbukwa kila mwanafunzi anapochukua penseli na rula kuchora grafu ya mvua ya mwaka mzima, na kila gazeti linapochapisha mchoro wa kupanda na kushuka kwa bei ya mafuta. Yafaa kukumbukwa pia kila mtaalamu wa kompyuta anapoketi mbele ya kiwambo cheusi kisicho na picha yoyote, akachapa amri moja kwa herufi, na papo hapo safu ya nambari ikageuka kuwa mstari mmoja wa vigingi vidogo, virefu kwa vifupi.

Michoro hiyo imezoeleka mno hivi kwamba ni rahisi kudhani imekuwako tangu jadi. La hasha. Grafu ya mistari inayoonyesha biashara na fedha za taifa, chati ya pau na chati ya duara zilitoka katika mikono ya mtu mmoja, Mskochi kwa jina William Playfair, aliyeishi kati ya 1759 na 1823.

La kustaajabisha ni kwamba mtu huyo aliyewafunza walimwengu kuzisoma hesabu za mataifa kwa kutupa jicho mara moja tu, hakuwahi kuziweka sawa hesabu zake mwenyewe. Alianzisha biashara zikaporomoka, akafungwa kwa madeni, akaitoroka Ufaransa mara mbili na kufa bila mali. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mganga hajigangi.

Maisha yake yanazua swali ambalo halijapitwa na wakati: je, mchoro wa mtu asiyeaminika waweza kuaminika?

Mtoto wa mchungaji

Playfair alizaliwa Septemba 22, 1759, katika kijiji cha Liff karibu na mji wa Dundee, Scotland. Babake, James Playfair, alikuwa mchungaji wa kanisa la mahali hapo. Hakuwa mtu wa mali nyingi, lakini nyumba yake iliienzi elimu na wanawe walijaliwa vipawa. Mmoja wao, John, alitokea kuwa profesa mashuhuri wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwingine, aliyeitwa James kama babake, akawa msanifu wa majengo.

Mnamo 1772 mchungaji huyo aliaga dunia. William alikuwa bado mtoto, na jukumu la kumlea na kumwelimisha likamwangukia John, aliyemzidi umri kwa takriban miaka 11.

Miongoni mwa mazoezi ambayo John alimpa mdogo wake, lilikuwemo moja lililoonekana dogo. Alimtaka asome kipimajoto kila siku na kuyaweka matokeo yake katika umbo la mistari ambayo urefu wake ulilingana na vipimo vyenyewe. Siku ya joto ilipata mstari mrefu, ya baridi ikapata mfupi. John alimfunza kwamba chochote kinachoweza kuelezwa kwa nambari chaweza pia kuelezwa kwa mistari.

Miaka mingi baadaye, jina lake lilipokuwa limevuma, William alikiri kwamba mbegu ya uvumbuzi wake ilipandwa na kakake katika siku hizo za utotoni.

Chini ya mafundi

William hakufuata njia ya chuo kikuu kama kakake. Alipelekwa kwa Andrew Meikle, fundi wa vinu vya kusagia nafaka ambaye baadaye alipata sifa kwa kuunda mashine ya kupura nafaka. Huko alijifunza kazi ya mikono: kupima, kukata, kuunganisha, na kutambua kwamba kosa dogo katika mchoro huzaa hasara kubwa katika mashine.

Mnamo 1777, akikaribia umri wa miaka 18, alisafiri hadi Birmingham, Uingereza, na kuajiriwa katika kampuni ya Matthew Boulton na James Watt. Hawa ndio waliokuwa wakiunda injini za mvuke zilizokuja kubadilisha viwanda vya dunia nzima. Playfair aliwekwa kuwa mchoraji wa ramani za mitambo na msaidizi wa Watt mwenyewe.

Hapo alikaa karibu na watu waliokuwa wakiupindua ulimwengu wa sayansi. Mmoja wa waliokuwa katika mzunguko wa Watt ni Joseph Priestley, kasisi na mwanakemia, ambaye mnamo 1765 alikuwa amechapisha chati iliyoonyesha maisha ya watu mashuhuri wapatao 2,000. Kila mtu alipewa mstari ulioanza mwaka aliozaliwa na kukoma mwaka aliofariki. Msomaji angeweza kuona mara moja nani aliishi zama moja na nani, pasipo kutoa wala kujumlisha. Playfair aliitambua chati hiyo kuwa miongoni mwa mambo yaliyomfungua macho.

Hata hivyo, hakuridhika kuwa msaidizi wa mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 aliiacha kampuni hiyo, akaenda London na kufungua karakana ya kutengeneza vyombo vya fedha. Karakana hiyo haikufua dafu. Huo ukawa mwanzo wa mtindo uliomwandama hadi kaburini: wazo zuri, haraka nyingi, na fedha zisizotosha.

Atlasi isiyo na ramani

Baada ya biashara kumwendea mrama, Playfair alishika kalamu. Mnamo 1786 alichapisha kitabu alichokiita Atlasi ya Kibiashara na Kisiasa. Aliyekifungua akitarajia ramani za mito na milima hakuziona. Ndani yake mlikuwa na michoro 44 iliyochongwa kwenye mabamba ya shaba na kutiwa rangi kwa mkono, ikieleza biashara ya Uingereza na nchi nyingine, pamoja na deni la taifa.

Katika michoro 43, mpango ulikuwa ule ule ambao leo kila mwanafunzi anaujua. Miaka ilipangwa kwenye mhimili wa mlalo, na thamani ya fedha katika pauni ikapanda kwenye mhimili wa wima. Mstari mmoja ulionyesha bidhaa zilizoagizwa kutoka nje na mwingine zilizouzwa nje. Nafasi baina ya mistari hiyo miwili ilitiwa rangi, hivi kwamba msomaji aliona bila kuambiwa ni miaka gani taifa lilipata na ni miaka gani lilipoteza.

Mchoro wa biashara ya Uingereza na Denmark pamoja na Norway, kuanzia 1700 hadi 1780, ndio unaotajwa zaidi na wasomi. Kwa miongo kadhaa mstari wa bidhaa zilizoingia unakaa juu ya ule wa bidhaa zilizotoka. Kisha, katikati ya karne hiyo, mistari inapishana kama njia panda, na upande wa Uingereza unaanza kupata faida. Habari ambayo ingehitaji kurasa kadhaa za tarakimu imo katika mpishano huo mmoja.

Wasomaji wa enzi hizo hawakuwa wamewahi kuona fedha zikichorwa. Wengi walijiuliza pauni ina uhusiano gani na urefu wa mstari. Playfair aliwajibu kwa mfano wa mfanyabiashara anayefunga duka lake jioni. Tuseme kila jioni anazipanga sarafu za mapato ya siku hiyo kuwa rundo moja, kando ya rundo la jana na la juzi. Mwisho wa mwezi hatahitaji daftari kujua siku zipi zilimwendea vyema. Ataangalia marundo tu, na kimo cha kila moja kitamweleza. Grafu, alisema, ni marundo hayo yaliyohamishiwa kwenye karatasi.

Ni mfano sahili, lakini ndani yake mna msingi wa kila grafu iliyokuja baadaye. Macho hayana pazia, nayo hupima kimo haraka kuliko akili inavyoweza kulinganisha tarakimu.

Ni haki kusema kwamba Playfair hakuwa wa kwanza duniani kuchora mistari kutokana na vipimo. Mwanahisabati Johann Heinrich Lambert, aliyefanya kazi katika nchi za Wajerumani, alikuwa ametumia mbinu kama hiyo katika sayansi ya joto miaka michache kabla yake. Alichofanya Playfair ni kuitoa mbinu hiyo katika maabara na kuiweka mbele ya mfanyabiashara, mbunge na mwananchi wa kawaida.

Upungufu uliozaa pau

Mchoro wa 44 ulizaliwa kwa bahati, tena kwa sababu ya upungufu. Playfair alitaka kuonyesha biashara ya nchi yake ya Scotland, lakini alikuwa na takwimu za mwaka mmoja pekee, kuanzia Krismasi ya 1780 hadi Krismasi ya 1781. Kwa mwaka mmoja huwezi kuchora mstari unaosafiri, kwa kuwa hauna pa kwenda.

Badala ya kukata tamaa, alizipanga nchi na maeneo 17 yaliyofanya biashara na Scotland, moja chini ya jingine, na kila moja akalipa pau mbili: moja ya bidhaa zilizoingia na moja ya zilizotoka. Ireland na Urusi zikaonekana pamoja na visiwa vidogo kama Jersey, na tofauti zao zikajieleza.

Hiyo ndiyo chati ya pau inayotumika leo katika kila ofisi. Ajabu ni kwamba muundaji wake hakuipenda. Aliiona duni kuliko nyingine kwa kuwa haikuonyesha mwendo wa wakati.

Ushauri wa Watt

Kabla kitabu hicho hakijakamilika, Playfair alimwandikia mwajiri wake wa zamani kuomba maoni. James Watt hakuipuuza kazi hiyo, lakini alimpa ushauri wa busara: achapishe pia majedwali ya tarakimu kando ya michoro. Sababu ya Watt ilikuwa kwamba michoro peke yake ingesimama juu ya neno la mchoraji tu, na msomaji asingekuwa na njia ya kuihakiki.

Playfair aliufuata ushauri huo katika toleo la kwanza. Wala Watt hakuwa akizungumzia kanuni tupu. Alimfahamu kijana wake wa zamani, na alijua kwamba neno lake halikuwa na uzito mkubwa miongoni mwa waliowahi kufanya naye kazi.

Paris na ardhi isiyouzika

Mnamo 1787 Playfair alihamia Paris. Atlasi yake ilikuwa imefika hadi kwa Mfalme Louis wa 16, na kwa maelezo ya Playfair mwenyewe, mfalme huyo aliyependa jiografia aliielewa michoro hiyo mara moja na kuifurahia. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka mnamo 1789.

Mwaka huo huo, mapinduzi yalipokuwa yakiitikisa Ufaransa, Playfair aliingia katika mradi uliomwachia doa la kudumu. Alishirikiana na Mmarekani Joel Barlow kuwauzia Wafaransa mashamba ya kampuni ya Scioto, yaliyokuwa kando ya mto Ohio huko Marekani. Kwa watu waliokuwa wakitafuta pa kukimbilia vurugu, mashamba hayo yalisifiwa mithili ya bustani ya Edeni.

Mamia ya Wafaransa waliuza mali zao na kuvuka bahari. Walipofika Marekani mnamo 1790, waligundua kwamba hati walizobeba hazikuwa na thamani, kwani kampuni hiyo haikuwa imeilipia ardhi iliyoiuza. Baadhi yao walianzisha mji wa Gallipolis katika msitu wa Ohio, wakiwa mafundi wa mjini wasiojua kufyeka mti. Ilichukua hadi 1795 kabla ya Bunge la Marekani kuwatengea ardhi kama fidia.

Lawama ziligawanywa kwa wengi, lakini fedha zilizokusanywa Paris zilipitia mikononi mwa Playfair na hazikuonekana tena kikamilifu. Mtu aliyeionyesha Uingereza deni lake kwa rangi hakuweza kuwaonyesha wateja wake fedha zao zilikokwenda.

Alirejea London mnamo 1793 baada ya kuitoroka Ufaransa, akageuka kuwa mpinzani mkali wa mapinduzi na kuandika makala chungu nzima kuyashutumu. Aliwapendekezea hata wakuu wa serikali ya Uingereza waihujumu sarafu ya karatasi ya Wafaransa kwa kuchapisha noti bandia. Mwandishi mmoja alidai mnamo 2018 kwamba Playfair aliuendesha mpango huo yeye mwenyewe kama jasusi, ingawa watafiti wengine hawakuridhishwa na ushahidi huo.

Duara lililokatwa vipande

Katika miaka hiyo ya 1790 alijaribu pia kuendesha benki jijini London. Nayo ilianguka. Baadaye madeni yalimfikisha katika gereza la Fleet, lililojulikana kwa kuwafungia wasioweza kuwalipa wadai wao.

Lakini hata katika dhiki hiyo mkono wake haukusahau kazi. Mnamo 1801 alichapisha kitabu kingine kifupi cha takwimu za mataifa ya Ulaya. Kila nchi aliipa duara ambalo ukubwa wake ulilingana na eneo la ardhi yake. Upande wa kushoto wa duara alisimamisha mstari wa idadi ya watu, na upande wa kulia mstari wa kodi zilizokusanywa.

Aliunganisha vilele vya mistari hiyo miwili kwa mstari wa mshazari. Palipokuwa na kodi nyingi kuliko watu, mshazari ulielekea upande mmoja. Palipokuwa na watu wengi kuliko kodi, ukaelekea mwingine. Wanatakwimu wa baadaye waliona dosari: mwinamo wa mstari huo ulitegemea pia upana wa duara, kwa hivyo haukuweza kulinganishwa kwa haki baina ya nchi kubwa na ndogo. Werevu wa mchoraji ulikuwa umempita kasi.

Humo humo, alipofika kwenye dola la Uturuki lililokuwa na ardhi katika Asia, Ulaya na Afrika, alilikata duara lake vipande vitatu na kila kimoja akakipa rangi yake. Hiyo ndiyo chati ya duara ya kwanza inayojulikana. Mnamo 1805 alirudia mbinu hiyo kuonyesha ukubwa wa majimbo ya Marekani, katika kitabu alichokitafsiri kutoka Kifaransa.

Mwaka huo pia aliandaa toleo jipya la kitabu maarufu cha Adam Smith kuhusu utajiri wa mataifa, akaongeza maelezo yake. Lakini kazi hiyo haikumtoa kwenye lindi la umaskini.

Ngano na ujira

Utawala wa Napoleon ulipoanguka, Playfair alirudi Paris na kuwa mhariri wa gazeti la Kiingereza lililochapishwa huko. Mnamo 1818 maoni aliyochapisha kuhusu pambano la watu wawili waliopigania heshima yalimtia mashakani. Mahakama ikamhukumu kifungo cha miezi mitatu pamoja na kulipa fidia, naye akakimbilia London kwa mara nyingine.

Uzeeni, hali ilimbana hadi akajaribu kumtoza mheshimiwa mmoja wa Scotland fedha kwa kumtishia kwamba angefichua nyaraka za aibu. Jaribio hilo halikufaulu. Ni ukurasa ambao hata wanaomhusudu huusoma kwa uchungu.

Hata hivyo, mmojawapo wa michoro yake bora ulitoka katika miaka hiyo hiyo. Mnamo 1821, wakati wakulima wa Uingereza walipokuwa wakilia kuhusu hali yao, alichora grafu ya miaka 250 kuanzia 1565. Pau zilionyesha bei ya ngano. Mstari uliopita chini yake ulionyesha ujira wa wiki wa fundi hodari. Juu kabisa aliwapanga wafalme na malkia waliotawala, kuanzia Elizabeth wa Kwanza hadi George wa Nne.

Alichotaka kuonyesha ni kwamba katika kipindi chote hicho, ngano haikuwahi kuwa rahisi kwa mfanyakazi kama ilivyokuwa katika miaka ya karibuni, ukilinganisha bei yake na ujira. Wachambuzi wa kisasa husema kwamba angegawanya bei kwa ujira na kuchora jibu lenyewe, hoja yake ingeonekana wazi zaidi. Lakini hakuna anayekana ujasiri wa kubana karne mbili na nusu katika karatasi moja.

Playfair alifariki jijini London mnamo Februari 11, 1823, akiwa na umri wa miaka 63.

Nabii nyumbani kwao

Nabii hakosi heshima isipokuwa kwao. Uingereza, aliyoichorea karibu kila kitu, haikumjali. Wasomi wa huko waliendelea kwa miongo kadhaa kuchapisha majedwali marefu ya tarakimu na kuiona michoro kama mchezo wa watoto. Sifa mbaya ya Playfair haikusaidia: aliyemjua kama mdeni na mlaghai aliona vigumu kuyaamini marundo yake ya sarafu.

Ng’ambo mambo yalikuwa tofauti. Mwanajiografia wa Prussia, Alexander von Humboldt, alitumia grafu za namna hiyo katika maandishi yake kuhusu Mexico na kumtaja Playfair kwa heshima. Huko Ufaransa, mhandisi Charles Joseph Minard aliikuza sanaa ya kuchora takwimu hadi ikafikia kilele.

Uingereza ilizinduka polepole. Mnamo 1858, Florence Nightingale alitumia michoro ya duara lililogawanywa kuonyesha kwamba maradhi yaliyoweza kuzuiwa yaliwaua askari wengi katika Vita vya Crimea kuliko majeraha. Mwanauchumi William Stanley Jevons naye alikisoma upya kitabu cha Playfair katika karne hiyo hiyo na kukitambua kuwa hazina iliyotupwa.

Marundo kwenye kiwambo

Kompyuta zilipokuja, huenda mtu angedhani kwamba marundo ya sarafu yangehitaji mitambo ya picha ya bei ghali. Haikuwa hivyo. Mashine za mwanzo zilichapa herufi na tarakimu tu, na watakwimu wakajifunza kuchora kwa hizo hizo: safu ya nyota kumi kwa kumi, safu ya nyota tatu kwa tatu. Mwanatakwimu Mmarekani John Tukey, katika kitabu chake cha 1977, aliwafunza wanafunzi kupanga tarakimu zenyewe kwa namna ambayo zilijenga umbo la grafu.

Mnamo 1986, miaka 200 kamili baada ya Atlasi ya Playfair, ilitolewa programu ya gnuplot, ambayo huchora grafu kwa kufuata amri zilizoandikwa. Pale pasipo na kiwambo cha picha, programu hiyo huweza kuuchora mstari kwa herufi za kawaida tu.

Katika karne ya 21 wazo hilo likapunguzwa zaidi. Profesa Edward Tufte wa Marekani alihimiza grafu ndogo mno zinazokaa ndani ya sentensi kama neno jingine lolote. Nao waandishi wa programu waligundua kwamba katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta mna vibao vinane vya kimo tofauti, kuanzia kifupi kabisa hadi kinachojaza nafasi yote. Ukizipa nambari zako vibao hivyo, unapata grafu unayoweza kuituma hata katika ujumbe wa simu.

Chukua mfano wa sensa za Kenya. Mwaka wa 1969 walihesabiwa watu milioni 10.9, mwaka wa 1979, milioni 15.3, 1989, milioni 21.4; 1999, milioni 28.7, 2009, milioni 38.6; na 2019, milioni 47.6. Programu nyingi za aina hii zitazigeuza nambari hizo kuwa hivi:

▁▂▃▄▆█

Mwendo unaonekana kwa kutupa jicho. Lakini tazama tena. Kibao cha kwanza ni kifupi mno, ni kana kwamba mwaka wa 1969 nchi haikuwa na watu. Sababu ni kwamba programu hizo huanza kupima kutoka nambari ndogo kuliko zote, wala si kutoka sufuri. Tukianza kwa sufuri, nambari zile zile zinatoa umbo hili:

▂▃▄▅▆█

Katika safu ya kwanza, kibao cha mwisho ni mara nane ya kile cha mwanzo. Katika ya pili ni mara nne, na hiyo ndiyo inayokaribia ukweli. Hakuna tarakimu iliyobadilishwa, na hakuna aliyesema uongo. Kilichobadilika ni mahali rundo lilipoanza kupangwa.

Hapo ndipo ushauri wa James Watt unapoonekana kuwa na uhai hadi leo. Grafu ni ushahidi wa haraka, na kila ushahidi wa haraka unahitaji wa kuuthibitisha. Anayechora aweke tarakimu kando ya mchoro wake, na anayesoma azitafute kabla ya kuamini. Tukifanya hivyo hatutalazimika kuuliza kwanza kama mchoraji ni mtu mwema au mdeni sugu, kwa kuwa marundo yatahesabika na kila mtu.

Playfair mwenyewe hakuwa mtu wa kukopeshwa fedha. Lakini majedwali aliyoyachapisha mnamo 1786 kwa ushauri wa Watt yamebaki, na yeyote anayetaka kuihakiki mistari yake bado anaweza kuyafungua na kuhesabu.